Maji ya paa letu la Kadutu

Hapa Gent, Ubelgiji, kila nikivuta maji chooni nasikia pampu ikinguruma chini ya uwanja. Ni maji ya mvua. Huku Flanders, jimbo lenye mji huu, nyumba mpya lazima iwe na kisima cha kukinga mvua, na maji yake huenda chooni, kwenye mashine ya kufulia na bustanini. Na hii ni nchi tambarare, yenye bomba lisilokauka!

Siku moja mdogo wangu alinipigia kutoka kwetu Kadutu, mlimani Bukavu, Kongo. "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "mvula imebeba ukuta wa jirani." Asubuhi hiyo, tope likiwa bado mlangoni, watoto walishika bidoni, yaani madumu, wakaenda kupanga foleni ya maji. Inaniuma hadi leo. Maji yaliyobomoa ukuta usiku ndiyo yaliyokosekana jikoni asubuhi.

Nikakaa nikapiga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mabati yetu ni mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 50 ikishuka jioni moja, ni lita 2,000. Toa yanayoruka pembeni na yale ya kwanza yanayoosha vumbi, zinabaki kama 1,700, yaani bidoni 85 za lita 20. Tangi la lita 1,000 lingekamata zaidi ya nusu. Lakini likiwa limejaa tangu jana, halikamati hata tone. Yote yanamshukia jirani wa chini.

Kwa hiyo ukubwa peke yake hautoshi. Inabidi uandike siku kwa siku: maji ya jana, ongeza ya paa, toa yaliyotumika, yaliyopita ukingo yamepotea. Sisi kwetu ni watu wanane. Kila mmoja akitumia lita 20, tangi linaisha kwa siku sita, na hapo nafasi ya mvua inayofuata imepatikana. Kiangazi, Juni hadi Agosti, litakauka, tusidanganyane.

Tena lita 1,000 ni uzito wa tani nzima. Ukiliweka ukingoni mwa mteremko, unauita mporomoko mwenyewe. Likae juu ya msingi imara, na ziada iende kwenye mtaro kwa bomba.

Tangi moja halitaokoa mlima. Nataka matangi kwenye avenue nzima, yaani mtaa wetu wote, tukianzia nyumba za juu, maana maji yao ndiyo yanayotufikia yakiwa na kasi. Pesa za tangi la kwanza nimeshatuma. Halitawekwa kwetu, mdogo wangu ameshaongea na mama wa nyumba ya juu, naye amekubali.