Mrehani Umeninyang'anya Jua

Jamani, Mbeya mwezi wa saba si mahali pa mchezo. Usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi kila mwanaume mwenye akili ana pahali pake pa kuotea jua. Pangu palikuwa dirishani sebuleni, upande wa mashariki, na kiti changu na kikombe cha chai. Palikuwa.

Binti yetu kaja likizo kutoka Dar na mche wa mrehani ndani ya kopo la rangi. Huko pwani mrehani unaota uani, hakuna anayeubembeleza. Huku kwetu baridi ikiuchapa majani yanakuwa meusi, basi ukaingizwa ndani. Na ndani unataka jua saa sita kwa siku. Saa sita! Mimi nilikuwa naomba moja tu.

"Baba Tumaini, sogea, unauzibia mwanga."

Nikasogea mpaka ukutani. Usiku kioo kina baridi, kwa hiyo bwana mkubwa anahamishiwa jikoni kwenye vuguvugu. Asubuhi anarudishwa, kopo linazungushwa ili asipinde kufuata mwanga. Mimi mgongo ukipinda naambiwa ni uzee. Kumwagilia nako mpaka uchomeke kidole: udongo ukiwa mkavu juu, unamwaga, ukiwa na unyevu, unaacha, mizizi isije ikaoza. Mimi nikisema nina kiu, naonyeshwa jagi lilipo.

Na msidhani tunaula. Vijani viwili juu ya mchuzi wa nyanya, halafu wananikodolea macho: "Umeisikia ladha?" Nimesikia njaa, mama. Hapo sokoni Mwanjelwa kotimiri imejaa tele, na haihitaji kiti changu.

Nikapata mkombozi: shangazi kutoka Tukuyu. Kaingia, kanusa, kacheka. "He! Mnafuga kivumbasi ndani?" Akanyofoa vichwa vyote akaweka kwenye mkoba, eti vya kufukuzia mbu. Nikashangilia kimoyomoyo. Wapi! Kumbe mrehani ukikatwa kichwa juu ya jozi ya majani, panachipua matawi mawili. Sasa ni kichaka, kopo halitoshi.

Leo naingia bafuni, ndoo yangu sioni. Namkuta mama Tumaini uani ameifudikiza, anaitoboa kitako kwa msumari wa moto.

"Baba Tumaini, kwani beseni lina ubaya gani?"