Soko la ubashiri wa gemu si mkeka

"Mkeka ni mkeka tu, hata ukautandike Marekani." Ndivyo alivyonijibu kijana mmoja kwenye kibanda cha gemu Sinza, akimaanisha tiketi ya kubeti mechi nyingi kwa pamoja, nilipomwambia kuwa kampuni za Marekani, Polymarket na Kalshi, zina masoko ya mtandaoni ambako watu wanauziana ubashiri wa mechi za gemu za Counter-Strike na League of Legends. Wengi hapa Dar wangemuunga mkono. Mimi naona wanalionea soko.

Ukibeti, mpinzani wako ni kampuni, na ndiyo inayopanga odi, yaani dau lako litazidishwa mara ngapi ukishinda. Sokoni mpinzani ni mtu kama wewe. Hisa ya timu fulani ikiuzwa senti 62, maana yake wanunuzi na wauzaji wameipa nafasi ya asilimia 62. Ikishinda, hisa inalipa dola 1. Ikifungwa, hailipi kitu. Soko linakula ada, kwa hiyo halina cha kuogopa kwa mteja anayejua kazi yake, wakati kampuni nyingi za kubeti humbania dau anayeshinda mara kwa mara.

Lakini hesabu inayoninyima raha ni nyingine. Chukua mechi ya nguvu sawa, kila timu imepewa odi ya 1.85. Odi ya haki ingekuwa 2. Tofauti inaonekana ndogo, na kwa mechi moja ni ndogo kweli: kila shilingi 1,000 unayoweka ina thamani ya 925. Sasa funga mkeka wa mechi 10 za namna hiyo. Makato yanazidishana, hayajumlishwi, na buku lako linabaki na thamani ya shilingi 459 kabla hata mechi ya kwanza haijaanza. Zaidi ya nusu imeondoka na hakuna aliyefungwa! Sokoni ada ipo, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza lipo pia, ila kwenye mechi kubwa yenye wateja wengi huwezi kukatwa kiasi hicho.

Wanaopinga wana hoja nzito moja, nayo ni upangaji wa matokeo. Agosti 2014 wachezaji wa timu ya Counter-Strike ya iBUYPOWER walijifungisha kwa timu ya NetCodeGuides kwa ajili ya dau la skini, yaani mapambo ya silaha za ndani ya gemu, na Januari 2015 Valve, kampuni yenye gemu hiyo, ikawafungia. Lee Seung-hyun, aliyekuwa bingwa wa dunia wa gemu ya StarCraft II mwaka 2014, alikamatwa Korea Kusini mwaka 2016 kwa kuuza mechi kwa won milioni 70. Kashfa zote mbili zilitokea bila soko la ubashiri, sawa. Ila bei ya soko linalosifiwa kwa kukusanya taarifa haimuulizi mwenye taarifa kaipataje, na kwenye mechi ndogo ya mtandaoni mwenye taarifa nzuri kuliko wote ni mchezaji mwenyewe. Mechi hizo zisifunguliwe kabisa. Tena, ukidhulumiwa na soko la nje, Bodi yetu ya Michezo ya Kubahatisha itakusaidiaje? Polymarket yenyewe ilipigwa faini ya dola milioni 1.4 mwaka 2022 kwa kuendesha biashara bila usajili Marekani.

Yule kijana nilimpigia hesabu hiyo kwenye simu yake. Akaiangalia, akacheka, kisha akanionyesha mkeka wake wa jioni ile: mechi 12. Kwa odi zilezile, buku lake lilikuwa limebaki 392.