Njiwa Hakutoboa Ukuta

Mwaka huu, kabla ya masika, nilipanda na fundi juu ya paa la nyumba ya bibi, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwa miezi kadhaa ukuta wa chumba cha juu ulikuwa unatoa jasho. Chokaa inavimba, inabambuka vipande vipande, na harufu ya ukungu haitoki hata madirisha yakishinda wazi. Tulidhani bati limetoboka, kumbe bati zima kabisa. Mlizamu wa kutolea maji ya mvua ndio ulioziba. Ulijaa kinyesi cha njiwa hadi mdomoni, kimeshikana na manyoya, vijiti na vipande vya waya, kigumu kama kigae. Maji ya mvua yalikosa pa kutokea yakageukia ukutani. Fundi alichomeka bisibisi kwenye kichwa cha boriti ya mkoko, ikazama hadi mpinini.

"Hawa ndio wauaji wa nyumba," akasema, akinyooshea kidole njiwa wawili waliokuwa wakitutazama kutoka ukingoni.

Hapo sikubaliani naye, ingawa madhara nimeyaona kwa macho yangu.

Kinyesi cha njiwa kina asidi, na kuvu wanaoota ndani yake huzalisha asidi zaidi. Kwenye nyumba zetu hilo si jambo la kupuuza, maana zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikizwa kwa chokaa, na hiyo chokaa ni matumbawe yaliyochomwa. Minya ndimu juu ya kipande cha chokaa kikuukuu uone kinavyotoa povu. Ukuta nao unaliwa hivyo hivyo, polepole. Lakini nikipima, asidi ni sehemu ndogo ya ubaya. Kinachoangusha nyumba ni maji, na njiwa huyapa maji nafasi pale tu ambapo sisi tumeshaacha kutazama.

Asili ya ndege huyu ni majabali. Alizoea kutaga kwenye nyufa za miamba, na mji wetu wenye roshani, matundu na vyumba visivyokaliwa ni jabali tosha kwake. Jike hutaga mayai mawili, huatamiwa kwa siku kama 18, na chakula kikiwepo hutaga tena na tena mwaka mzima. Ndiyo maana wanaopendekeza sumu hawanishawishi. Ukiua njiwa 50 leo na mtama ukaendelea kumwagwa kila jioni, nafasi zao zitajazwa upesi. London ilipiga marufuku kuwalisha katika uwanja wa Trafalgar mwaka 2003, Venice ikafuata mwaka 2008 katika uwanja wa San Marco. Mji wa Basel, Uswisi, ulianza mwaka 1988 kuwasihi wakazi waache kulisha, ukatenga vijumba vya njiwa ambako mayai yaliondolewa. Ndani ya miaka michache idadi yao ilishuka kwa karibu nusu.

Kumweleza bibi ndiko kulikokuwa kugumu.

"Bibi, naomba tusiwamwagie mtama tena."

"Mjukuu wangu, ndege waliotaga mdomoni mwa pango la Thaur alimojificha Mtume, mimi nitawanyimaje?"

Sikumjibu. Nilimwonyesha ile boriti. Aliishika, akaivunja kwa vidole kama mkate mkavu, akakaa kimya kitambo. Kisha akaomba aachiwe walau bakuli la maji. Tumeliacha.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka ikaua watu wawili. Njiwa hawakuiangusha. Lilikuwa jengo lililosubiri matengenezo kwa miaka mingi mno, na bado naumia nikipita mbele yake pale Forodhani. Mji huu umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, lakini cheo hicho hakizibui mlizamu wa mtu. Anayezibua ni mwenye nyumba, kabla ya masika na kabla ya vuli, akiwa amefunga pua na mdomo na kulowesha kile kinyesi kwanza, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu. Tundu zizibwe kwa chokaa. Saruji huonekana imara, ila hufungia unyevu ndani ya ukuta, nawe utaitana tena na fundi.

Kwenye mlizamu wetu kulikuwa na kiota chenye mayai mawili. Fundi alitaka kuyatupa, nikamwomba azibue upande wa pili tu tusubiri. Makinda yaliporuka tukapiga wavu wa chuma. Jioni ile wale wawili walirudi, wakatembea juu ya wavu wakiudonoa, kisha wakavuka uchochoro na kuingia kwenye tundu la nyumba ya jirani, ile ambayo warithi wake wametawanyika Muscat na Dubai na kufuli lake limeshika kutu.