Tracy Lord Alishushwa, au Alijishusha Mwenyewe? Katharine Hepburn na The Philadelphia Story

Filamu ya The Philadelphia Story, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1940, inaanza bila neno hata moja kusemwa. Cary Grant anatoka nyumbani na mizigo yake kuelekea garini. Katharine Hepburn anatokea mlangoni na mfuko wa fimbo za gofu za mumewe, anachomoa moja, anaivunja gotini na kuitupa. Grant anarudi, anakunja ngumi, anaghairi, kisha anamwekea kiganja usoni na kumsukuma mpaka anaanguka chali kama gogo. Kipande hicho hakikuwemo katika tamthilia ambayo filamu ilitokana nayo. Kilibuniwa kwa ajili ya skrini, na kilikusudiwa kuchekesha. Kimechekesha kweli kwa miaka zaidi ya 80, na kwa muda huohuo kimewapa wachambuzi ubishi usiokwisha: je, hiki ni kichekesho cha mapenzi kinachomwadhibu mwanamke kwa kujiamini kupita kiasi, au ni kazi ya mwanamke aliyejua vizuri alichokuwa akikiuza?

Kisa chenyewe ni chepesi. Tracy Lord, anayeigizwa na Hepburn, binti wa ukoo wa kitajiri wa Philadelphia, anajiandaa kuolewa mara ya pili, safari hii na George Kittredge, mtu aliyeanzia chini katika kazi ya makaa ya mawe akapanda hadi umeneja. Siku moja kabla ya harusi anafika mume wa kwanza, C. K. Dexter Haven, anayeigizwa na Grant, akiwa ameongozana na watu wawili wa jarida la udaku: mwandishi Mike Connor, anayeigizwa na James Stewart, na mpiga picha Liz Imbrie. Usiku huo Tracy analewa shampeni, anabusiana na Mike, anaogelea naye, na asubuhi hakumbuki lolote. Ndoa na George inavunjika, na wageni waliokwisha kukaa vitini wanashuhudia Tracy akirudiana na Dexter.

Wanaoishitaki filamu wana ushahidi mzito, na sehemu yake iko nje ya skrini. Mwaka 1938 chama cha wenye kumbi za sinema huru kilitoa tangazo lililowataja nyota ambao eti walikuwa sumu kwenye dirisha la tiketi, na Hepburn alikuwa mmoja wao, pamoja na Greta Garbo, Joan Crawford na Marlene Dietrich. Alikuwa ameshapata Oscar kwa filamu ya 1933, lakini filamu zake kadhaa zilizofuata hazikuuza. Watu walimwona mwenye maringo: binti wa daktari wa Hartford, mama yake mpigania haki ya wanawake kupiga kura, mhitimu wa chuo cha Bryn Mawr, mvaa suruali, msema ovyo na waandishi wa habari. Kwa hoja hii, tamthilia ambayo Philip Barry alimwandikia mwaka 1939 ilikuwa dawa iliyopimwa kwa mgonjwa huyo. Ilichukua sifa zilezile zilizowaudhi watazamaji, ikampa mhusika, kisha ikamfanya aumbuke mbele ya macho yao hadi wamsamehe.

Ushahidi mzito kuliko wote ni maneno ya baba. Seth Lord amerudi nyumbani baada ya kuhusiana na mnenguaji mmoja wa New York. Binti yake anapomkabili, hajitetei. Anamgeuzia kibao: anamwambia kwamba mwanamume wa umri wake akikosa binti wa kumpenda bila masharti, huenda akautafuta ujana wake kwa mwanamke mwingine, kwamba Tracy ana kila kitu cha kumfanya mwanamke wa kupendeza isipokuwa moyo wa kuelewa, na kwamba bila moyo huo ni sawa na kuumbwa kwa shaba. Katika jamii zetu za pwani bi harusi hufundwa na somo wake, mwanamke mwenzake, na hufundwa mambo ya kumfaa. Hapa anayefunda ni baba mwenye kosa, na somo lenyewe ni kwamba kosa lake ni la binti. Sijawahi kukitazama kipande hiki bila kuona aibu, na sidhani kama kuna utetezi wa kukisafisha.

Hata hivyo utetezi upo, na unaanzia kwenye mkataba. Kwenye jukwaa la Broadway, mtaa wa kumbi za tamthilia jijini New York, ambako tamthilia ilionyeshwa mara 417 katika ukumbi wa Shubert, Hepburn hakuchukua mshahara. Alichukua fungu la faida. Haki za filamu zilinunuliwa kwa ajili yake na Howard Hughes, tajiri wa ndege na filamu, na alipoziuza kwa kampuni ya MGM aliuza kwa masharti: aigize yeye, aongoze George Cukor, na waigizaji wenzake wasipangwe bila ridhaa yake. Aliwataka Clark Gable na Spencer Tracy, akapata Grant na Stewart, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa bahati kwa filamu, kwani ni vigumu kumfikiria Gable akisimama kando na kuacha wengine waseme. Katika Hollywood ya zama zile mwigizaji alikuwa mali ya kampuni kwa mkataba wa miaka saba. Mwanamke aliyeingia ofisini kwa mkuu wa MGM na haki za kazi mkononi hakuwa ameletwa kuadhibiwa. Ikiwa Tracy Lord alianguka, aliyepanga mahali pa kuangukia alikuwa Hepburn.

Mtu anaweza kujibu kwamba kujiuza kwa bei nzuri bado ni kujiuza, na jibu hilo lina nguvu. Ndiyo maana utetezi wa mkataba haunitoshi, na napendelea kurudi kwenye filamu yenyewe. Sababu ya waandishi wa udaku kuingia katika nyumba ya akina Lord ni baba: mhariri wao anayo habari ya Seth na mnenguaji wake, na Dexter anakubali kuwaingiza ili habari hiyo isichapwe. Hivyo mtu anayemhubiria Tracy juu ya udhaifu wa wengine ndiye chanzo cha balaa lote. Hakuna mhusika anayelisema hili waziwazi, lakini limefumwa ndani ya kisa na mtazamaji makini hulishika. Isitoshe, mtazame Hepburn wakati wa hotuba ile. Hainamishi kichwa kama mtoto aliyekemewa. Uso unaganda, sauti inapungua, na kinachoonekana ni jeraha, wala si toba. Maneno ni ya baba, lakini kamera ya Cukor inamsikiliza binti.

Baada ya usiku wa shampeni, Tracy anagundua kwamba Mike hakumgusa zaidi ya mabusu mawili, kwa kuwa Tracy alikuwa amelewa na kwa jambo hilo kuna kanuni. George ameshamhukumu kabla ya kusikia lolote. Tracy anamwacha mtu aliyetaka kumweka juu ya kiti na kumwabudu, mradi asiteleze. Mwanafalsafa wa Marekani Stanley Cavell, aliyeandika mwaka 1981 juu ya vichekesho vya wanandoa wanaoachana na kurudiana, aliona katika filamu za aina hii mazungumzo ya watu wawili wanaofundishana namna ya kuwa pamoja. Usomaji huo ni wa ukarimu, pengine kupita kiasi, kwa sababu hapa wanaofundisha ni wanaume watatu na mwanafunzi ni mmoja. Lakini Dexter naye amebadilika: aliyekuwa mlevi sasa hanywi, na anakiri alivyokuwa.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka ni George. Ndiye pekee katika wachumba aliyejipatia mali kwa jasho, na filamu inamcheka tangu anapohangaika kumpanda farasi. Mike, anayewachukia matajiri, anaishia kuvutiwa nao. Kama kuna hukumu ya kionevu katika filamu hii, nadhani inamwangukia meneja wa makaa kabla ya kumfikia binti wa tajiri.

Hepburn alipata alichokitaka. Filamu ilijaza kumbi, ikateuliwa kwa Oscar 6 na kupata 2, moja ya Stewart na moja ya mwandishi wa mswada Donald Ogden Stewart. Yeye mwenyewe aliikosa; ilikwenda kwa Ginger Rogers. Wasomaji wengi wa huku kwetu wanamkumbuka zaidi kwa The African Queen ya 1951, iliyopigwa kwa sehemu Kongo na Uganda, lakini asingefika kwenye mto ule bila Tracy Lord. Mashitaka nayo hayakuisha: katika Woman of the Year ya 1942 mwisho ulibadilishwa ili mwanahabari mahiri anayeigizwa naye aonekane akishindwa kupika kifungua kinywa.

Basi nabaki na dakika za mwisho. Tracy anasimama mbele ya wageni bila kujua la kusema, na Dexter, nyuma ya mlango, anamnong'oneza sentensi moja baada ya nyingine naye anazirudia, hadi anajikuta ametangaza harusi yao. Mshitaki atasema hata kauli yake imewekwa kinywani na mwanamume. Lakini muda mfupi kabla, Mike amemwomba amwoe, na Tracy amekataa kwa maneno yake mwenyewe, bila wa kumnong'oneza. Kisha baba anampa mkono ili waingie. Anamwuliza baba anaonekanaje, na mzee anajibu: kama malkia, kama mungu wa kike. Ni sifa ileile ambayo wanaume walimtupia siku nzima kama shutuma. Tracy anamsahihisha: anajisikia kama binadamu.