Bima ya mtu wa tatu inamlipa nani hasa?

Bima ya mtu wa tatu hailitengenezi gari lako. Inalipa hasara uliyomsababishia mwingine ukiwa na kosa: matibabu yake, kipato alichokosa akiwa amelazwa, fidia ya ulemavu, na akifariki, mazishi pamoja na fidia ya wategemezi wake. Kwa upande wa mali, ni gari lake, ukuta wake, nguzo ya umeme, hata bidhaa za duka ulilolivamia. Mikataba mingi hugharamia pia wakili wa kukutetea mahakamani.

Ukirudi nyuma ukagonga geti lako mwenyewe, huna dai. Mzigo uliobeba haumo, wala mguu wako wewe dereva, wala wizi, moto na mafuriko. Kuhusu abiria wako usikisie: kuna mikataba inayowahesabu, na kuna inayowaacha nje mpaka uongeze kipengele.

Kinachowaumiza watu zaidi ni kikomo, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa. Tuseme hati yako inaishia milioni 10 kwa kila majeruhi, milioni 20 kwa tukio zima, na milioni 5 kwa mali. Wameumia watu watatu, kila mmoja anastahili milioni 9. Hakuna aliyefikisha 10, ila jumla ni 27, kwa hiyo 7 zinakuangukia wewe. Gari lao linatengenezwa kwa 8, unaongeza 3. Unadaiwa milioni 10 ilhali bima yako ilikuwa hai siku ile! Naona wakala anayetaja bei tu bila kutaja vikomo anamkosea mteja. Mwulize vyote, kisha uulize kuvipandisha kunaongeza ada kiasi gani.

Gari la binafsi likibeba abiria wa kulipa, au likiendeshwa na mlevi au mtu asiye na leseni, dai linaingia matatani. Sehemu nyingine sheria huilazimisha kampuni imlipe majeruhi, kisha ikugeukie wewe uirudishie.

Ajali ikitokea, mpeleke majeruhi hospitali. Huko si kukiri kosa. Usichotakiwa kufanya ni kuandikiana kwamba "nitalipa mimi", maana mikataba mingi inakataza kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kama ni salama, piga picha kabla magari hayajasogezwa: namba zote mbili, alama za breki, na mahali kila gari lilipo kwenye mistari ya barabara.

Barua ya wakili au hati ya mahakama isilale kwako hata siku moja. Ina muda wa kujibiwa, na ukipita, hukumu inaweza kutoka bila wewe kusikilizwa, nayo kampuni ikakataa kulipa kwa sababu ilinyimwa nafasi ya kujitetea. Ipeleke kwa kampuni ya bima pamoja na nakala utakayobaki nayo, nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.