Kitabu Changu Kimekuwa Kielelezo

Sasa niambieni, kuna ubinadamu hapo? Poirot, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, ameshawakusanya wote sebuleni. Yumo mjane, yumo mpwa mwenye madeni, yumo daktari anayefuta miwani kila akiulizwa swali. Mzee wa watu kaweka sawa masharubu, kakohoa kidogo, kasema mmoja wenu humu ndani ni muuaji. Pwaa! Umeme umekwenda. Mtaa mzima kimya, halafu kile kilio cha pamoja mnachokijua: "Aaaaah!"

Na mimi si mtu wa kunyanyuka nikaangalie kama ni luku imeisha au ni wenyewe wamekata. Nina hogo kuanzia vidoleni mpaka gotini. Bodaboda. Sina haja ya kueleza zaidi. Yule kijana mwenyewe alikuja kunipa pole, akakaa, akanywa juisi, akanikumbusha kwa adabu kabisa kwamba nauli ya siku ile sijamlipa.

Basi nikaamua, kwa hadhi yangu ya baba mwenye nyumba (mwenye nyumba halisi anakaa Kigamboni na tarehe ya kodi haijawahi kumpita), kwamba muda huu wa kukaa ndani nitausomea. Riwaya za upelelezi. Nilikuwa na mzigo wa vitabu vya mitumba nilivyonunua pale Posta, vile vinavyopangwa chini kwenye turubai, ukiinama kuchagua unapigwa na begi la kila anayepita.

Watu wananishangaa. Mgonjwa mzima, unasomaje habari za maiti? Hawajui. Hakuna kitu kinachotuliza roho kama mauaji ya Kiingereza. Mtu anakufa ukurasa wa thelathini na hakuna turubai, hakuna kamati, hakuna anayepita na daftari la rambirambi akikutajia fulani katoa ngapi. Hakuna shangazi anayejitupa chini anasema nizikeni naye. Wanasema "maskini Kanali," wanaongeza chai. Hebu mlete huyo Poirot kwenye msiba wa kwetu. Kabla hajashuka kwenye bajaji, viatu mia mbili viko mlangoni, chumba cha marehemu kimeshafagiliwa, kimedekiwa na kufukizwa ubani, na kile kikombe chenye sumu shemeji kakiosha na watu wanne wameshakinywea chai ya tangawizi. Sasa atafute alama za vidole!

Halafu sumu zao si za kubahatisha. Agatha Christie, aliyemtunga huyo Poirot, alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo mtu wake akilishwa sumu anakufa kwa vipimo. Poirot alianza kuonekana 1920. Kitabu alichofia kilitoka 1975, na gazeti la New York Times likatoa tanzia yake ukurasa wa mbele. Ukurasa wa mbele! Mtu wa kubuni! Mzee wangu, mtumishi wa umma maisha yake yote, tangazo lake la redio tulilipia, na tukapunguza majina ya wajukuu ili bei isipande.

Kuna na ile tamthilia ya Marekani ya mama mwandishi, Jessica Fletcher, iliyorushwa tangu 1984 hadi 1996. Kila anapokwenda kutembea lazima mtu afe. Huku kwetu mama wa namna hiyo angeletewa kadi ya mchango tu, ya mwaliko asingeiona. Mtoto wangu akaona anisaidie, akaenda kwa kijana anayeingiza muvi kwenye flashi, akaniletea upelelezi wa Kizungu uliotafsiriwa. Dakika ya pili tu, hata jina la muvi halijapita, mtafsiri anatangaza: "Muone huyo mwenye koti la kijivu, shetani mkubwa huyo, atawamaliza wote!" Nikazima.

Nikarudi kwenye vitabu. Na vitabu ndivyo vilivyonikutanisha na Afande.

Afande ni mzee mstaafu wa mtaani kwetu hapa Tabata. Kama alikuwa mpelelezi au alikuwa anatunza stoo ya sare, hakuna ajuaye wala anayethubutu kuuliza, maana kuuliza ni kazi yake. Alikuja kunijulia hali na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. PF3 unayo?"

Hata pole bado! Nikamwambia hiyo fomu ya polisi ninayo, imo kwenye bahasha ya eksirei. "Itunze," akasema. Akakaa, akatoa chungwa moja katika yale aliyoniletea, akalimenya, akala. Jicho likatua kitandani.

"Hicho nini?"

"Riwaya tu, Afande. Kanali mmoja kakutwa kapigwa risasi nyumbani kwa mchungaji."

Akaacha kutafuna.

"Mchungaji yuko wapi sasa?"

"Yupo tu, anazunguka kijijini."

"Nani kamdhamini?"

"Hajashikwa, Afande. Yeye ndiye anayesimulia."

"Anasimulia akiwa wapi wakati mauaji hayana dhamana?"

Nikaona nimtulize. Nikamweleza kwamba kuna bibi wa jirani, Miss Marple, yeye anapalilia bustani yake huku anamwona kila anayeingia na kutoka.

"Safi. Huyo shahidi namba moja."

"Hapana, huyo ndiye anayepeleleza."

"Cheo?"

"Hana cheo. Anafuma sweta."

Afande akavua kofia, akaiweka juu ya hogo langu. "Kijana. Unaniambia kuna maiti ya kanali, na upelelezi kakabidhiwa bibi mfuma sweta. Inspekta hakuna?"

"Yupo, anaitwa Slack."

"Ehee! Huyo sasa ndiye wa kumsikiliza. Anasemaje?"

"Yeye ndiye hasikilizi mtu. Kuna saa pale ofisini kwa mchungaji, huwa anaitanguliza dakika 15 makusudi ili asichelewe. Kila akitaka kumwambia, inspekta anamkatiza."

"Na amkatize! Mtuhumiwa amfundishe inspekta kusoma saa? Hiyo saa imeorodheshwa kwenye vielelezo?"

Nikasema sijui, sijafika huko. Hapo ndipo mama watoto, badala ya kuniokoa, alipotokea na daftari la hisabati la mtoto na kalamu, eti "Afande, andika tu, huyu kashinda kutwa nzima na hicho kitabu, hata maji haombi."

"Jina?"

"Afande, unanijua."

"Jina."

Nikataja jina. Nikataja umri, kabila, dini, kazi, makazi. Nikataja mjumbe wangu ni nani. Nje watoto walishajaa dirishani.

"Kabila la marehemu?"

"Mwingereza."

"Mwingereza wa wapi?"

"Wa kijiji cha St Mary Mead."

"Wilaya?"

"Afande, kijiji chenyewe ni cha kutungwa!"

"Hata mimi nimeshatumikia wilaya mpya. Uliwahi kuwa na ugomvi wowote na marehemu?"

"Kitabu kimetoka 1930! Baba yangu alikuwa hajazaliwa!"

"Jibu swali."

"Sikuwa na ugomvi naye."

"Ulimfahamu lini?"

"Jumanne, baada ya chakula cha mchana."

"Na kafa lini?"

Nikafikiri. "Jumanne hiyohiyo. Kwenye saa kumi hivi."

Afande akaandika taratibu, akapiga mstari chini yake. Mama watoto akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu anifahamu. Dirishani mtoto mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Si nilikwambia?"

Mnadhani iliishia hapo? Alinisomea maelezo yangu kwa sauti, akaniuliza kama nimeyatoa kwa hiari yangu bila kutishwa. Wino wa dole gumba hakuna, ikaletwa rangi ya mdomo ya mama watoto. Nikapiga dole. Kisha akakichukua kitabu kwa ncha za vidole, akakitia kwenye mfuko uliokuwa na machungwa, machungwa akayamwaga kitandani.

"Kielelezo P1. Kitakaa kwangu."

"Afande, nimebakisha sura mbili tu! Sijamjua hata muuaji!"

"Ndiyo maana. Mtu akishafika hapo anaanza kuharibu ushahidi."

Nikaona isiwe tabu. Kama mzee ana hamu ya kazi kiasi hicho, mimi nina kesi ya kweli. Mtungi wangu wa gesi. Uliibwa kabla ya hili hogo, usiku, kwenye kibaraza, na mwizi kaacha ndala. Ndala ya mguu wa kushoto, imechongwa herufi M kwa kisu, ninayo mpaka leo chini ya kitanda! Nikamtoa mtoto aivute, nikamwonyesha. "Afande, hii hapa. Mtungi wenyewe ulikuwa umejaa."

Akaitazama ile ndala kwa muda. Akaikung'uta mchanga. Akairudisha.

"Hilo lipo kituoni?"

"Lipo, RB ninayo."

"Basi siwezi kuingilia. Upelelezi unaendelea."

Akavaa kofia yake, akaondoka na kitabu changu.

Jamani! Hapa sitanii tena. Yule Poirot, na kijitumbo chake, anamaliza maiti tatu, anagundua wosia wa kughushi na mtoto wa nje ya ndoa, yote katika kurasa mia mbili na hamsini, viatu vyake havijapata hata vumbi. Mimi mtungi mmoja. Ndala ipo. Herufi ipo. Na mtaa wetu una akina M watatu, mmoja wao tangu mwezi ule anapika kwa gesi na zamani alikuwa mtu wa mkaa. Nikienda kuuliza naambiwa niwe na subira, nikipiga simu naambiwa anayehusika ametoka. Niliwahi kumuuliza mmoja, huyu anayehusika huwa anaingia saa ngapi? Akaniambia hilo nalo anayelijua ni yeye anayehusika. Namba ile ya RB naikumbuka kuliko ya kitambulisho changu cha taifa, naamka usiku naitaja.

Ndiyo maana mtu anapenda vitabu hivi! Si damu. Nani anataka damu? Mtu anataka aone jambo limeanza, likauliziwa, likajibiwa, mhusika akatajwa kwa jina mbele ya watu, chai ikaletwa. Mara moja tu nilione.

Afande kaniachia za Kiswahili, alisema hizo atazikagua baadaye. Hata hivyo yule mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba simuwezi kwa sasa. Yule anaruka ukuta, anapanda ndege, anapigana ngumi na watu wanne kwa mpigo, na mimi kufika chooni ni safari ya kuaga. Ninayeendana naye ni Bwana Msa. Mnamjua? Wa Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka 1960 baada ya mswada wake kushinda shindano la East African Literature Bureau. Mtu ana kiko chake, ana Najum wa kuzungumza naye, watu wote wanasema hilo ni jambo la mizimu, yeye anavuta kiko na kuuliza swali lingine. Hakimbii hata mara moja ambayo ingenitia wivu. Tatizo nimefika pazuri, na kila jioni Afande anamtuma mjukuu wake mlangoni: "Babu anauliza, mchungaji siku ile alikula nini?" Nitajuaje mimi? Kitabu anacho yeye!

Binti yangu naye kaazima mahali ile ya Mma Ramotswe, wa Botswana. Ilianza 1998, na mwandishi wake, Alexander McCall Smith, aliwahi kufundisha sheria kule. Huyo mama kauza ng'ombe alioachiwa na baba yake, kafungua ofisi ya upelelezi Gaborone. Ndugu zake wakamwachia! Uza ng'ombe wa urithi hapa kwetu uone kama hukuitiwa kikao cha ukoo hata mabango ya ofisi hayajakauka rangi. Kesi zake ni za mume aliyepotea na mambo ya namna hiyo, na anafikiri vizuri akiwa na kikombe cha chai ya majani mekundu mkononi. Nikasema na mimi niletewe chai nifikirie habari ya mtungi. Mama watoto akaniuliza ichemshwe kwa gesi ipi.

Tena afadhali ya chai, kuna hili la kuwashwa. Kuna mahali katikati ya muundi, ndani kabisa ya hogo, panawasha tangu alfajiri. Rula ya mtoto haifiki. Mwiko umekwama, ukatolewa kwa nguvu ya watu wawili, na wali umepikiwa mwiko huohuo, hakuna aliyesema kitu. Daktari alikataza kuchomeka chochote, lakini daktari haishi na mguu huu. Nimewaza sana nikamkumbuka yule bibi wa kule kijijini, na ninavyoona kifaa chake ndicho chenyewe. Mwenye sindano ya kufumia, ya chuma, ndefu, aje nayo kabla ya saa tatu usiku. Machungwa yapo. Ila akimkuta Afande njiani aifiche.