Kokoto za Lugoba na milima ambayo haipo tena

Lori lilipomwaga kokoto mbele ya nyumba ninayojenga Goba, fundi aliokota moja, akaipangusa vumbi kwa kidole gumba. "Mzee, hivi vidoa vyekundu si rubi kweli?" Nikamwambia ni ganeti, madini mekundu yanayofanana na rubi, tena ya hali ile ambayo sonara wa Kariakoo hawezi kuitazama mara mbili. Akaitupa kwenye lundo. Mimi nikaiokota tena, nikaitia mfukoni.

Kokoto ile ilitoka Lugoba, upande wa Chalinze. Dar es Salaam yenyewe imekaa juu ya mchanga, udongo na mawe ya matumbawe, na mawe ya Kunduchi ni ya chokaa, hayajawahi kuonja moto. Anayetaka jiwe gumu la zege huagiza bara, kwenye Ukanda wa Msumbiji. Jina hilo alilitoa Mwingereza Arthur Holmes mwaka 1951 kwa miamba geu, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, iliyotanda upande wa mashariki wa Afrika. Uluguru, Upare na Usambara zimo humo, na sehemu kubwa ya miamba yake ni granulaiti: mawe yaliyopikwa kwa takriban nyuzi joto 800 za Selsiasi, kwenye kina cha kilomita 35 hivi, miaka kama milioni 640 iliyopita.

Wanafunzi wa jiolojia hufundishwa kwamba hiyo ni mizizi ya safu kubwa ya milima iliyoinuka vipande vya bara la kale la Gondwana vilipogongana, kama India inavyoisukuma Asia leo hadi ikainuka Himalaya. Mimi nayakubali maelezo hayo, ila si kwa sababu ya granulaiti peke yake. Jiwe lenyewe limesema machache kuliko tunavyolisemea.

Kwanza tulipe jiwe haki yake. Ganeti na madini mengine yaitwayo pairoksini zikikaa pamoja hugawana chuma na magnesi, na mgao huo hubadilika kwa kadiri ya joto. Kalsi nayo hugawanywa kati ya ganeti na madini ya feldispa kwa kufuata zaidi mgandamizo. Ukipima migao hiyo kwenye kipande kidogo kuliko punje ya mchele, unapata joto na kina. Umri unatoka kwenye zirkoni, punje ndogo ya madini ambayo hubeba urani inayogeuka risasi polepole mno, nusu yake kwa kila miaka bilioni 4.47. Sijui hati gani ya kale iliyoandikwa na binadamu inayodumu hivyo.

Hapo ndipo upande wa mgongano unapopata hoja yake nzuri kuliko zote, na ni hesabu ya darasa la tano. Jiwe lililopikwa kwenye kilomita 35 leo liko juani, kwa hiyo kilomita 35 za mwamba zilizokuwa juu yake zimeondoka. Chini yake, hivi sasa, ganda la dunia bado lina unene wa zaidi ya kilomita 35. Jumlisha: kilomita 70, unene kama wa Tibeti. Ganda nene namna hiyo hutokea bara moja likipandishwa juu ya jingine.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba ganda la chini lilikuwepo tangu mwanzo. Kama magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliingia kutoka chini na kuganda pale, sehemu ya unene huo ni ya kuongezwa, na zile 70 zinapungua. Dhana hiyo ina ushahidi. Mwaka 1998 watafiti Appel, Möller na Schenk walichapisha uchunguzi wa granulaiti za mashariki mwa Tanzania. Walikuta ganeti mpya imeota kama pete kuzunguka madini ya zamani, kwa namna inayoonyesha kwamba jiwe lilipata joto kwanza, mgandamizo ukaja baadaye, kisha likapoa likiwa bado kule kule chini. Kupoa kwenyewe kulikuwa kwa nyuzi chache tu kila miaka milioni. Hivyo ndivyo tunavyotarajia magma ikilipasha jiwe kwanza. Mabara yakigongana tunatarajia kinyume chake: jiwe lizikwe kwanza, lichemke baadaye, halafu lipande juu lingali la moto.

Aliyewahi kukwangua ukoko wa wali atanielewa. Ukoko unakwambia chakula kiliungua. Haukwambii kama mkaa ulikuwa mwingi, au mpishi alisahau sufuria juu ya moto mdogo. Ganda nene linaweza kujipasha polepole kwa mionzi ya madini yake lenyewe, na magma inaweza kulichoma kwa haraka. Mwisho wa yote, ukoko ni ukoko.

Tena moto huo hufuta. Ganeti iliyokua kwenye joto la wastani huwa na duara za kemia, kama za shina la mti, na unaweza kuzisoma kutoka katikati hadi ukingoni. Ikipita nyuzi 700 na kukaa huko muda mrefu, atomi zinahama na duara zinayeyukiana. Granulaiti, basi, inakumbuka saa yake ya moto mkali na jinsi ilivyopoa. Safari ya kwenda huko imeipotea. Hata ile milioni 640 lazima uulize ni ya nini, maana zirkoni moja inaweza kuwa na kiini cha mwamba mzazi na ganda la nje lililoota wakati wa kupikwa.

Ukisogea magharibi, mambo yanageuka. Huko, karibu na bara kongwe la katikati ya Tanzania, umri wa kupikwa unashuka hadi milioni 550 hivi, na yapo mawe yaliyofuata ile njia ya kuzikwa kwanza. Tena kwenye ukanda wa Usagara kuna eklojaiti, jiwe la mgandamizo mkubwa, za miaka bilioni 2, miongoni mwa kongwe zinazojulikana duniani. Kwa hiyo hata neno "safu" kwa umoja lina walakini.

Nionavyo mimi, wenye magma wana haki juu ya mashariki na ile milioni 640, na wenye mgongano wana haki juu ya kilichofuata. Kinachonishawishi juu ya mgongano ni mkao wa miamba: mabamba yaliyosukumwa kuelekea magharibi na kulaliana juu ya bara kongwe. Ninachokipinga ni ile kauli ya abiria wa treni, Uluguru zikianza kuonekana karibu na Morogoro, kwamba "ule mlima una miaka milioni 600." Mawe yake ndiyo yana umri huo. Kimo chake cha zaidi ya meta 2,600 kimetokana na mipasuko ya ardhi ya baadaye sana, wakati ile milima ya kale ilishamomonyoka.

Kokoto yangu sasa iko juu ya meza. Ikipelekwa maabara itatoa joto, kina na umri. Mkao wake ulibaki kwenye ukuta wa machimbo siku baruti ilipolipuka, na ndugu zake wote wamo kwenye zege la msingi wangu, wakielekea kila upande.